Pembe Ndani ya Bawaba

Pwani ya ziwa siku ile tulikuwepo sita. Fundi Amisi, aliyekuwa akitengeneza mashua chini ya bati lake karibu na soko la samaki la Baraka. Baba mdogo Lusambya, ndugu wa marehemu baba yangu, aliyekuja amevaa viatu na kusimama mbali na maji. Wilondja, mdogo wangu wa kiume. Sifa, kitinda mimba wetu, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka yote mawili. Namahoro, msichana wa Minembwe kule mlimani, aliyekuwa akikaa kwetu kwa ajili ya masomo. Na mimi, mkubwa wa nyumba, niliyeshikilia usukani usianguke wakati fundi akipima. Nawataja wote kwa sababu walio hai bado, kila wakisimulia siku ile, husema pembe ilitolewa na Namahoro. Sijawahi kuwasahihisha.

Juma lililopita jirani yangu aliunguza kwato za mbuzi juu ya makaa ili azipike. Moshi ule ukaingia sebuleni kwangu, mzito, wa nywele na ukucha, na nikajikuta nimesimama nimeshika ufagio bila kufagia. Harufu ya pembe inayotobolewa kwa chuma cha moto ni ileile. Nilikaa chini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano tena, na nilikuwa na wivu.

Mama alifariki Sifa alipozaliwa. Baba alimfuata miaka michache baadaye, kwa ugonjwa wa kuharisha uliopita kando ya ziwa na kufagia nyumba nyingi. Alituachia nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, shamba la mihogo, na mashua ya tanga. Mashua ile haikuwa ya fundi yeyote wa kwetu. Ilikuwa ya Mgiriki aliyeuza chumvi na vitambaa Baraka, na baba alikuwa nahodha wake. Serikali ilipotangaza kwamba maduka ya wageni yanakuwa ya wenye nchi, Mgiriki alifunga mizigo, akamwachia baba mashua, akaondoka bila kugeuka nyuma. Baba alipokufa, wavuvi wawili waliomfanyia kazi waliendelea kuitumia, na kila waliporudi kutoka rasi ya Ubwari tulipata fungu la mashua: ndagala, yaani dagaa, mara nyingine samaki wanaoitwa mikeke. Fungu hilo ndilo lilikuwa chakula chetu, sabuni yetu, na daftari za Wilondja.

Mimi daftari sikuwa nazo tena. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, mwezi mmoja baada ya maziko. Hakuna aliyenilazimisha. Sifa alikuwa analia kila nikichukua mfuko wa shule, basi siku moja sikuuchukua.

Aliyeuchukua ni Namahoro. Baba yake na baba yangu walikuwa marafiki. Urafiki wao ulianza zamani, mzee yule alipokuwa akishuka kutoka mlimani kununua chumvi na kulala kwetu. Namahoro alipofika darasa la nne alimleta kwa baba ili asome Baraka, na baba alipokufa hakumwondoa. Alisema, "Nyumba ya rafiki yangu ingali inasimama." Alituletea maharagwe na viazi kila aliposhuka. Nilijua kwamba ni wema. Lakini kila asubuhi Namahoro alivaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu, akachukua mfuko wangu wa zamani ambao mimi mwenyewe nilimpa kwa mikono yangu, akaenda kukaa kwenye dawati langu, lile la pili karibu na dirisha, na mimi nikabaki natwanga sombe, majani ya mihogo.

Alirudi saa saba na nyimbo. Siku zile kila asubuhi wanafunzi walicheza na kuimba mbele ya bendera kumsifu kiongozi na chama, na mimi nilipokuwa mwanafunzi niliichukia kazi ile kuliko hesabu. Sasa Namahoro aliwafundisha Wilondja na Sifa nyimbo zote uani, na wao wakatikisa mabega na kugeuka kwa pamoja, na Sifa akacheka kwa pengo lake. Nilitamani nikacheze mbele ya bendera mpaka magoti yaume.

Jioni alikuja na daftari. "Dada, nionyeshe hii ya kugawanya. Mwalimu alieleza mbio mbio."

Nikamwonyesha. Kesho yake alirudi na nane juu ya kumi, akaionyesha kwa Wilondja, na Wilondja akasema, "Yaya, uko na akili sana we."

Yaya, kwetu, ni aliyekutangulia kuzaliwa. Wilondja alikuwa na yaya mmoja tu duniani. Nilikuwa nimeinama nikipuliza moto, nikasubiri ajisahihishe. Hakujisahihisha. Akaendelea kumwita hivyo, na Sifa akamfuata, na baada ya mwezi nilikuwa nikisikia "yaya" na kuitika kumbe si mimi ninayeitwa.

Nikaanza kutafuta sababu. Mtoto wa umri ule haamini kwamba mtu anaweza kupendwa bure. Nilipata sababu yangu ukutani.

Likizo ya kwanza baada ya maziko ya baba, Namahoro alirudi kutoka kwao na pembe ya ng'ombe, ndefu, nyeusi kwenye ncha na ya rangi ya asali kuelekea kitako, yenye kifuniko cha ngozi. Aliitundika kwa kamba juu ya mkeka wake. Kila jioni baada ya kuoga aliifungua, akachovya kidole, akajipaka. Halafu akamwita Sifa, akampaka kichwani na kwenye viwiko, taratibu, huku akisema maneno ya kwao kwa sauti ya chini. Halafu Wilondja. Mimi aliniita mara moja, siku za kwanza, nikasema sitaki. Harufu yake ilikuwa ya maziwa yaliyolala. Sifa akapata kawaida ya kulala upande wa mkeka wa Namahoro, pua yake ikiwa imegusa mkono wake uliopakwa.

Basi nikajua. Ilikuwa dawa ya kupendwa. Bamama wa sokoni walikuwa wakisema kwamba watu wa mlimani wana dawa ambazo huwekwa katika pembe, na mimi niliongeza mengine mwenyewe. Sikumwambia mtu. Nilihesabu tu ni mara ngapi Sifa anaitwa na mimi haji, na anaitwa na yeye anakuja.

Katika majira hayohayo usukani ulianza kugonga.

Usukani wa mashua ile ulining'inia nyuma kwa bawaba mbili za shaba ya njano. Kila bawaba ilikuwa na vipande viwili: kimoja chenye kidole, kilichofungwa kwenye usukani, na kingine chenye tundu, kilichofungwa kwenye mashua. Kidole kinaingia katika tundu, na usukani unageuka. Tundu la bawaba ya chini lilikuwa limeliwa na miaka. Halikuwa duara tena, lilikuwa refu kama jicho, na kwenye mawimbi usukani uliruka ndani yake. Siku moja, karibu na rasi, ulichomoka kabisa. Wavuvi walirudi wakipiga makasia kutoka adhuhuri hadi jua kuzama, wakasema hawatapanda tena mpaka kitu kile kitengenezwe.

Tulijaribu. Mhunzi alitengeneza tundu jipya la chuma, likapata kutu na kukiguguna kidole cha shaba. Fundi Amisi alizungushia bati la kopo la maziwa, likakatika baada ya safari mbili. Juu ya bawaba palikuwa na herufi za kiwanda, na padri mmoja alikubali kuandika barua Ulaya kwa niaba yetu. Jibu lilipofika alitusomea mlangoni kwake: kiwanda hakitengenezi tena bawaba za namna ile, kwa sababu mashua za namna ile hazitengenezwi tena.

Baba mdogo alikunja uso kwa namna ya mtu aliyekuwa anasubiri habari hiyo. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha baba.

"Wabiwa, mi sina roho mubaya," akasema. "Lakini bwato yenye haina usukani ni kuni. Kuko muntu wa Uvira anaitaka, atoe misumari na mbao. Wilondja ataenda Lubondja kwa bajomba bake, kule shamba iko. Sifa ataenda Fizi kwa shangazi. We utakuya kwangu, bibi yangu iko na mimba, utamusaidia."

"Na nyumba?"

"Nyumba bila bantu ni nini?"

"Unipe siku, baba mudogo."

Akatazama nje, mahali ambapo Sifa alikuwa anaruka kamba na Namahoro. "Mpaka juma ya posho, kisha salongo," akasema. Siku ya posho, yaani Jumamosi, watu wote walitoka asubuhi kufyeka barabara kwa amri ya serikali, kazi tuliyoiita salongo. Baada ya salongo, mtu wa Uvira angekuja. Ilikuwa Jumanne.

Nilikwenda kwa fundi Amisi siku hiyohiyo. Alikuwa amelala chali chini ya mtumbwi wa mtu, miguu tu inaonekana.

"Fundi, hakuna kitu kingine?"

"Kuko kitu moja tu," miguu ikajibu. "Pembe. Ile ncha yake, kule haina shimo, inakuwa nguvu sana. Unaitoboa, unaiingiza mu tundu ya shaba, maji inaivimbisha inakamata. Kidole inageuka ndani ya pembe, shaba haiguse shaba. Zamani bazee ba mashua ya tanga balifanya vile."

"Basi tutafute pembe."

Akatoka chini, uso umejaa vumbi la mbao. "Ya mbuzi hapana, ni kidogo. Inafaa ya ng'ombe ya mulima, ile mukubwa. Na ng'ombe batashuka kisha juma mbili. We uko na juma mbili?"

Sikuwa nazo. Lakini nilijua pembe iko wapi, na nikiri kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha ambayo haikuwa ya mashua peke yake.

Ningeweza kumwomba. Nimelifikiria hili miaka mingi, na kila mara nafika palepale: Namahoro angenipa, na angenipa mbele ya watoto, nao wangempenda zaidi. Hilo sikuweza.

Alhamisi asubuhi, alipokuwa shuleni, niliitungua pembe. Sikutaka kugusa kilichokuwa ndani. Nilikikwangua kwa kijiti, kitu cha njano, laini, nikakifukia nyuma ya jiko. Kabla sijamaliza kuosha pembe, mbwa wa jirani alikuwa amefukua na kulamba mpaka udongo ukang'aa. Niliogopa. Siku tatu nilimtazama mbwa yule kuona kama dawa itamshika, na kweli, Namahoro aliporudi kutoka shule mbwa alimfuata hadi mlangoni, akamnusa mikono. Nilisema moyoni, unaona.

Nilimpelekea fundi pembe ikiwa imefungwa katika khanga. Akaipima kwa macho, akauliza imetoka wapi. "Kwetu," nikasema, na haukuwa uongo kabisa. Akachukua msumeno. Nilidhani ataitazama kwanza kidogo, lakini fundi ni fundi, aliikata ncha kwa mivuto saba au minane, na kipande kilichobaki akakitupa pembeni kama ganda la ndizi. Jioni mbili zile Namahoro aliutazama ukuta mtupu, akatafuta chini ya mkeka wake, kisha akawaambia watoto kwamba mafuta yamekwisha.

Jumamosi baada ya salongo tukakutana pwani, wale sita niliowataja. Baba mdogo alikuja kuona mwisho wa jambo. Watoto walikuja kwa sababu Namahoro alitaka kuona, wakiwa na mapanga ya salongo bado mikononi. Fundi alikuwa ameichonga ile ncha mpaka ikawa kama kizibo, na sasa alipasha moto ufito wa chuma na kuusukuma katikati. Moshi ukapanda. Sifa akaziba pua. Fundi akatupa kizibo majini, kikalia, akakitoa, akakigonga ndani ya tundu lililokwisha kusawazishwa kwa tupa. Kikaingia kwa shida, vizuri. Akaniambia nishushe usukani. Kidole kikaingia katika pembe bila sauti.

"Geuza," akasema.

Nikageuza. Usukani ulikwenda kushoto na kulia kama mlango mpya. Haukugonga. Nilitaka kulia, na nilimtazama baba mdogo, na hata yeye alikuwa anasogea karibu na maji na viatu vyake.

"Hii pembe uliokota wapi, Wabiwa?" akauliza. "Ni muzuri sana. Ya ng'ombe gani?"

Wakati huo Namahoro alikuwa ameinama. Alikuwa ameona kipande kilichobaki, kitako cha rangi ya asali chenye matundu madogo ya kufungia kifuniko. Alikiokota. Alikigeuza mara moja. Nilimwona anaelewa. Kama ningeitwa mwizi mbele ya baba mdogo, mambo yangekuwa yamekwisha: mtoto mwizi halei watoto.

"Ni ya kwangu," Namahoro akasema. "Nilimupatia."

"Aa," akasema baba mdogo. "Basi we uko mutoto muzuri."

"Yaya Namahoro njo alitoa," Sifa akamwambia fundi, kana kwamba fundi hakusikia, na Wilondja akamkumbatia Namahoro kiunoni. Mtu wa Uvira alirudishwa bila mbao wala misumari. Hakuna aliyekwenda Lubondja. Na mimi, niliyeokolewa mara mbili katika dakika moja, nilisimama nimeshika usukani nikimwonea wivu hata kwa uongo ule. Hata uongo alijua kuusema vizuri kuliko mimi.

Tulipokuwa wawili nilisubiri aniulize. Hakuuliza. Aliosha kile kitako, akakiweka katika sanduku lake. Jioni alimpaka Sifa mafuta ya mawese badala yake, na Sifa akalala upande wake vilevile. Ndipo dawa yangu ya kupendwa ilipoanza kunitia mashaka.

Mwisho wa mwaka wa masomo baba yake Namahoro alishuka. Alikaa nje, fimbo yake kati ya magoti, baba mdogo karibu naye, nasi tukamletea maji na bugali. Alikuwa amebeba kibuyu. Akasema kwa Namahoro, "Leta pembe, nijaze."

Namahoro akasimama mbele yake, mikono nyuma. "Pembe haiko, baba. Nilipatia batoto ba rafiki yako. Bwato yabo ilikuwa inakufa."

Mzee aliweka kibuyu chini. Halafu alizungumza polepole, zaidi kwa baba mdogo kuliko kwa binti yake. Ndivyo nilivyojua. Alipofanya urafiki na baba yangu alimpa ng'ombe, na kwa kuwa ng'ombe hawezi kuishi ziwani, alimlisha mwenyewe kule juu kwa jina la baba. Ng'ombe yule alizaa, akazeeka, akafa, na pembe yake moja ikawa chombo cha siagi. Siagi ilitoka kwa binti wa ng'ombe yule. Ilikuwa siagi yetu. Namahoro alitumwa awapake watoto wa marehemu kila siku, na yale maneno ya chini yalikuwa jina la baba yangu na kuwatakia wanawe wakue.

"Kwetu pembe ya ng'ombe wa urafiki haitolewi," akasema. "Mwenye kuitoa amesema urafiki umekwisha." Halafu akanigeukia mimi, kwa upole. "Mutoto wangu, njo vile? Alikupatia?"

Baba mdogo alikuwa ameketi hapo, mkono juu ya goti. Sifa alikuwa mlangoni. Namahoro hakunitazama. Alitazama kibuyu.

"Ndiyo," nikasema.

Mzee akanywa maji yake yote. Alishukuru kwa malazi ya binti yake. Alisema hana hasira na sisi, ila mtoto anayegawa cha baba yake bila kuuliza bado hajajua kukaa kwa watu, na afadhali arudi nyumbani afundwe kwanza. Kesho yake asubuhi Namahoro alipanda njia ya mlima, sanduku kichwani. Mfuko wa shule aliuacha juu ya mkeka, umekunjwa. Wilondja na Sifa walimsindikiza hadi mtoni. Mimi nilisema nina mihogo jikoni.

Shule ilipofunguliwa hakurudi. Nilipita siku moja nikachungulia dirishani: dawati la pili lilikuwa na mtu mwingine kabisa, mvulana. Nilifurahi, sitaficha, kwa majuma mawili hivi. Watoto walikuwa wangu. Sifa alihamia upande wangu wa mkeka, na neno "yaya" likarudi kwangu lote. Mashua ilikwenda na kurudi. Kizibo cha pembe kilipolika tulinunua pembe nyingine kwa wachinjaji, na nyingine baada ya hiyo, na Wilondja akamaliza shule kwa fungu lile, na Sifa akaolewa kutoka nyumba ileile yenye vyumba viwili. Niliyoyataka niliyapata.

Namahoro nilimwona mara moja tu. Nilikuwa mtu mzima, nimepanda Fizi kushughulikia karatasi za shamba, naye alikuwa sokoni akiuza siagi, mtoto mgongoni, mwingine ameshika sketi yake. Alinitambua kabla sijamtambua. Alinishika mikono miwili. Akauliza habari za Wilondja, za Sifa, za meno ya Sifa, na akacheka. Sikupata nafasi ya kusema, au niliipata nikaiacha ipite. Halafu akafungua kitambaa, akatoa karatasi ya hospitali ya mtoto aliyekuwa mgongoni.

"Dada, unisomee. Ni Kifaransa. Kifaransa yangu ilipotea yote, niliolewa mwaka uleule."

Nilimsomea. Iliandikwa mtoto arudi baada ya siku nne, asikose, na siku nne zilikuwa zimekwisha jana yake. Nilimwambia aende sasa hivi. Alikusanya siagi yake haraka, akanipa donge moja lililofungwa katika jani la mgomba, nikakataa, akalisukuma mikononi mwangu.

"Chukua. Mi niko na deni yako," akasema.

Akashika njia ya hospitali, mtoto mmoja mgongoni, mwingine akimkimbilia nyuma. Nilisimama na siagi mkononi mpaka ikaanza kuyeyuka. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kumwambia, deni ni langu, na sauti yangu ingemfikia bado. Nilimwacha aende akiamini kwamba anayedaiwa ni yeye.